Betri ya sports car ya kaka ilivyopona masika yote Kibiti, na chaja hatukuwa nayo

Wakuu, wenye umri wangu kwenda juu shikamooni. Wengine wote marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Juzi humu kijana mmoja kauliza: ana sports car, anaiwasha mara mojamoja, kila akiirudia anakuta betri imekufa. Watu wakamjaza majina ya chaja mpaka nikachoka kusoma.

Mimi sio fundi. Ni mama wa nyumbani, mshona nguo. Ila betri ya gari ya namna hiyo nimewahi kukabidhiwa, na roho yangu nusura itoke kwa ajili yake. Nitakayoyasema yote yamepita mbele ya macho yangu, na kaka yangu yupo hai, nikiongeza chumvi atanisuta.

Twende taratibu.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kaka yangu Shaweji alikuwa ananunua kambamiti kule deltani, Salale na Kiongoroni. Anawapakia kwenye boti yake na barafu, anawashusha Nyamisati, wanapanda lori kwenda Dar. Alipata. Tuseme ukweli, alipata mpaka akachanganyikiwa.

Maana mtu mwenye akili zake anajenga nyumba. Yeye akanunua gari kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nyekundu, milango miwili, imelala chini kama sinia. Akaja nayo Kibiti kiangazi ili tumuone.

Tulimuona. Mtaa mzima ulitoka.

Halafu mvua zikaanza, na barabara ya Dar ya enzi hizo waliopita wanaijua. Malori yenyewe yalikuwa yanalala kwenye tope. Sasa kile kisinia kingepita wapi? Kikaingizwa kwenye banda la nazi la marehemu baba, kikafunikwa turubai.

Mwezi ule ule mashine ya boti yake ikafa huko Salale. Sio kuharibika, kufa kabisa. Bila mashine, barafu inayeyuka kabla hujafika Nyamisati, na kamba wakioza hakuna wa kuwanunua. Kaka akawa anapanda boti za wenzake kama kibarua. Mtu aliyekuwa anaitwa tajiri.

Ikabaki njia moja tu: gari iuzwe, ipatikane mashine. Akapata mnunuzi, bwana mmoja wa Dar, ambaye aliahidi kuja barabara ikikauka. Sharti lake lilikuwa moja. Aliwahi kuuziwa gari ya kusukuma ikamtia hasara, kwa hiyo hii aikute inawaka kwa ufunguo wake. Ikisukumwa hata kidogo, anarudi zake.

Kaka akanikabidhi ufunguo. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwa mama, ndoa yangu ya kwanza imenishinda, hiyo ni mada ya siku nyingine. Akaniambia, "Mdogo wangu, kila Ijumaa iwashe kidogo, iungurume, uzime. Betri isilale." Akaenda zake deltani.

Nikawa nafanya hivyo hivyo. Kila Ijumaa nafunua turubai, nawasha, nazima, nafunika. Najiona dereva.

Wakuu, hapa ndipo wengi wenu mnapokosea, kama nilivyokosea mimi. Kila Ijumaa ikawa inawaka kwa shida zaidi ya Ijumaa iliyopita. Mwishowe nikazungusha ufunguo ikatoa tik tik tik, basi. Nilikaa mle ndani nikatokwa jasho na mvua inanyesha.

Nikaifungua betri, nikaibeba kichwani kwa ngata mpaka kwa Mzee Mbonde. Huyu alikuwa na mashine ya dizeli ya kukoboa mpunga, na humohumo anachaji betri za watu. Umeme Kibiti tulikuwa tunausikia kwa wageni tu.

Mzee Mbonde akaniambia ile washa zima ya Ijumaa ndiyo inayoiua. Kuwasha kunakula chaji nyingi, na gari ikiunguruma kidogo tu hairudishi ilichokula. Akasema nisiifunge tena kwenye gari. Niiweke ndani pakavu, niwe naipeleka kwake mara kwa mara ipate chaji, na maji yake yakipungua aniongezee.

Nikaiweka chumbani kwa mama, juu ya ubao, chini ya kitanda. Nikashusha pumzi.

Pumzi yenyewe haikudumu. Siku moja nainama kufagia, ubao upo, betri haipo.

"Mama, betri ya kaka iko wapi?"

"Imeazimwa," mama anajibu huku anakuna nazi, hana hata wasiwasi. "Mwalimu Mtoro ana maulidi, spika haina moto."

Mwalimu Mtoro alikuwa mwalimu wa madrasa ya pale mtaani, mtu mzima, anaheshimika. Ningesema nini? Nikaingia banda la nazi nikalia kwa hasira. Spika inapiga kelele mpaka watu wachoke, betri itabaki na nini?

Kesho yake ikarudi, ipo juu ya ubao. Wiki mbili tatu zikapita, ikatoka tena, kwenye harusi. Kisha hitima. Kisha maulidi tena. Habari ilishaenea mtaani kwamba kwa Bi Tatu, yaani mama, kuna betri kubwa. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hajui kusema hapana. Nilimwambia, mama, hii ndiyo mashine ya boti ya kaka. Akanijibu kwamba mtu akija kuomba kitu cha kumsalia Mtume, yeye hana mdomo wa kumnyima.

Nilikonda. Ufunguo nilikuwa nalala nao, betri inatembea mtaani.

Mvua zikakata, barabara ikashika. Kaka akaja kutoka Nyamisati kumngoja mnunuzi, ambaye tulimtarajia Jumapili.

Jumamosi asubuhi, chai haijachemka, Land Rover ikasimama uani. Ndiye.

Kaka akamkaribisha, akaenda bandani kwa furaha, akafunua turubai, akafungua boneti. Akakuta tundu. Akanigeukia na macho ambayo sitaki kuyakumbuka.

"Betri?"

Mama akajibu kutoka jikoni, kwa sauti ile ile ya kukuna nazi. "Imekwenda maulidini tangu jana. Mkaribishe mgeni vitumbua, itarudi."

Kaka hakupiga kelele. Alikaa juu ya makumbi ya nazi akashika kichwa, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mimi nikajifunga kanga kiunoni nikatoka mbio, mwanamke mzima, nakimbia barabarani Kibiti.

Sikufika mbali. Mwalimu Mtoro huyo anakuja na baiskeli, anaikokota, betri imefungwa nyuma kwenye keria kwa mpira, amelaza kitambaa juu yake.

"Mwanangu, mbio za nini? Kuna msiba?"

Nikamwambia upo, ni huo ulioubeba. Mnunuzi kafika, gari inatakiwa iwake sasa hivi, na betri umeimalizia kwenye spika.

Alinitazama kama nimemtukana. "Nimeimalizia vipi? Natoka kwa Mbonde, imekaa mashineni tangu tulipotoka kuswali alfajiri. Chombo cha mama yako nitakirudishaje kitupu?"

Nikashika keria, tukaisukuma baiskeli mbio mpaka nyumbani.

Kwetu jirani akikuletea futari kwenye sahani, hurudishi sahani tupu. Utaweka hata embe mbili, hata mchele kiganja. Nimekua nikibebeshwa sahani hizo tangu najua kutembea. Lakini haikunijia kabisa kwamba na betri watu wanaihesabu hivyo hivyo. Wa maulidi, wa harusi, wa hitima, wote walipita kwa Mzee Mbonde kabla ya kuirudisha. Miezi yote ile mimi nalia bandani, na ile safari ya mashineni niliyoagizwa mimi, mtaa ulikuwa unanisaidia kuifanya.

Kaka akaifunga betri. Mnunuzi kasimama na kitumbua mkononi. Ufunguo ukazungushwa, ikakohoa mara moja, ikawaka. Haikusukumwa.

Kaka akalaza paji la uso kwenye usukani. Mimi nililia kwa sauti, sioni haya kusema, mzigo wa masika yote ulinitoka pale pale.

Gari ikaenda Dar siku ile ile. Mashine ya boti ikaja kwa lori mpaka Nyamisati, na kaka akarudi Salale kama mwenye boti, sio kibarua.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza: washa zima ya wikendi acha. Gari ikikaa muda mrefu fungua betri, iweke pakavu, ipate chaji kabla haijaisha, na usiache maji yake yakauke. Chaja nunua, wenzako wamekutajia nzuri. Lakini usiiache isahaulike kwenye kona. Ya kwetu ingekaa kwenye kona ingekufa, maana mimi nilikuwa naiogopa kuliko kuitunza.

Nilisahau. Siku ile mama alimfungia mnunuzi vitumbua vya njiani kwenye sahani yake ya maua, akaifunika kawa. Nikamwambia sahani hiyo ihesabu imepotea, yule ni mtu wa mjini. Karibu na Ramadhani utingo wa lori akatugongea mlango. Sahani ilikuwa imejaa tende.

Haya, nanyi semeni, nani kapitia ya kwangu? Ila msiulize ilikuwa gari aina gani. Kaka nimemuuliza jana kwa simu, bado inamuuma.