Tawi Nyuma ya Gunia la Mahindi

Sisi tuliokulia Kitengela kabla ya kuta za mawe kuzizingira ploti zote tunakumbuka asubuhi ambazo pundamilia walituchelewesha shuleni, na mwalimu akaikubali sababu hiyo bila kutuchapa. Jioni tulicheza kati, tukimlenga aliyesimama katikati kwa mpira wa karatasi za nailoni, tukarudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope, huku harufu ya omena ikituita kwa nguvu kuliko sauti za mama zetu.

Mama alikuwa na mmea mmoja tu wa mapambo, uliosimama mlangoni katika mkebe wa mafuta ya kupikia. Ulikuwa na shina la pande tatu, miiba miwili miwili kwenye kingo, na majani madogo kama masikio ya panya. Sisi tuliuita kaktasi.

“Kaktasi haitoi maziwa,” Mama alitusahihisha, akilikwaruza shina kwa ukucha hadi tone jeupe likatokea. “Na yakikuingia machoni, utajuta.”

Alikuwa ameutoa Kakamega, kwa mamake, alipoolewa. Nyanya alipofariki, wajomba waliufyeka ule wa mwanzo wapate mahali pa kujenga. Huu wa mkebe ndio pekee uliobaki.

Nao ndio nilioupiga kwa mpira. Mama alikuwa sokoni. Nilikilenga kichwa cha kaka yangu, nikaupata mmea. Ulikatika chini kabisa, na tawi moja likadondoka kando. Nililichomeka shina katika udongo ule ule, nikalificha tawi stoo, nyuma ya gunia la mahindi. Kisha, kwa majuto, nikawa nalimwagilia shina asubuhi na jioni, nikiomba kimoyomoyo. Baada ya juma moja liligeuka manjano, likalainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, likaanguka. Mama hakumlaumu mtu. Aliketi kizingitini, akalitazama, akaliuliza polepole, “Na wewe pia?” Sijaisahau sauti ile.

Asubuhi iliyofuata alikuja Koko, bibi wa Kimaasai aliyetuletea maziwa. Niliinamisha kichwa akiguse, kama wazee wa kwao wanavyowasalimu watoto. Mkono wake ukateremka hadi kwenye sweta yangu ya shule, penye mabaka yaliyokauka yakawa meusi, bado yakinata. Akayanusa.

“Mama Nekesa, haya si maziwa ya ng’ombe wangu. Huyu mtoto amekamua nini?”

Nilikiri yote, kamasi zikinitiririka. Mama alinishika sikio hadi stoo, akalisogeza gunia. Tawi lilikuwa pale, limenywea kidogo lakini bado kijani, na kidonda chake kimefunga ngozi ngumu. Mama akaligeuza mara mbili, kisha akacheka mpaka akakalia gunia.

“Nekesa! Kumbe linataka tu usilikaribie!”

Alilipanda katika mchanga wa mto na kokoto, kwa kuwa udongo wetu mweusi hushika maji kama sponji. Adhabu yangu ilikuwa kulitazama kila siku bila kulimwagilia, hadi jani jipya litokee. Sijawahi kupewa adhabu ngumu kama ile. Jani lilipochipuka, nilikimbia miguu mitupu hadi kwa Koko kumpa habari.

Leo mmea huo umefikia paa langu. Binti yangu Nafula, ambaye hukumbushwa na simu hata kunywa maji, aliupiga picha majuzi.

“Mum, kumbe hii si kaktasi! Simu imeitambua.”

Nilimjibu kwamba sweta yangu iliujua zamani.

Mwezi ujao anahamia Matasia, katika nyumba yake ya kwanza, na ameomba tawi. Nilipolikata, alitaka kulipanda siku hiyo hiyo. Alikuwa tayari na chungu cha kupendeza na chupa ya kunyunyizia.

“Ngoja kwanza.”

“Mpaka lini, Mum?”

“Mpaka utakapolisahau.”

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aishi bila intaneti.

Pundamilia hawapiti tena hapa. Koko alitutoka, Mama akafuata, na watoto wa mtaa huu huchezea nyuma ya mageti, kila mmoja kwao. Lakini tawi la Nafula liko kabatini jikoni, nyuma ya pakiti za unga. Mara mbili ameniuliza nimeliweka wapi, nami, mwanamke mzima mwenye shahada yangu ukutani, namwambia sikumbuki.