Ukuta Usiotaka Kukandikwa

Nilikuwa nimechoka, tusidanganyane. Kila mwaka mavuno yakiisha, kabla mvua hazijarudi, kuta za nyumba yangu hapa Samuye zilitaka kukandikwa upya. Mume wangu yuko Kharumwa kwenye mashimo ya dhahabu, anakuja akijisikia; watoto wana miji yao Kahama. Kwa hiyo napiga hodi kwa majirani, na wanawake wanakuja na ndoo zao. Huyu anakanyaga udongo, yule anachanganya samadi ya ng'ombe, wengine wanapaka kwa viganja huku wananisema mimi na uji wangu mwepesi. Kelele zao, mama yangu! Nikaona aibu, kuwa mtu wa kuomba msaada kila mwaka.

Ndipo nikasikia habari za mashine ya kushindilia tofali. Udongo ni wa kichuguu tu, kile cha nyuma ya zizi. Unatia saruji kidogo, unabana kwa nguvu za mikono. Tofali hazichomwi, kwa hiyo hukati mti, na huku kwetu miti yenyewe iko wapi? Nikaikodi, nikafyatua tofali zangu, nikaziweka kivulini, nikazimwagilia kama miche mpaka zikakomaa. Fundi akazipanga kuwa kuta mpya, moja inaingia kwenye nyingine, akasema hazihitaji plasta.

"Mama, hii hutaikandika tena mpaka unaingia kaburini."

Nikapiga vigelegele.

Mvua zikaja, zikapiga, zikaondoka. Ukuta hata haukujua. Msimu wa kukandika ukafika. Nikawasikia wanawake wako kwa jirani, wanacheka mpaka basi. Mimi nipo barazani, nimesonga ugali wa watu wengi kwa mazoea, mjinga mimi. Akapita mwenzangu mmoja ambaye tuliolewa naye kijiji hiki mwaka mmoja, ndoo kichwani, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mbona siku hizi hupiti kwangu?"

"Nije kufanya nini? Nyumba yako imeshamaliza kazi zote."

Hakusema kwa ubaya, ila yaliniingia. Kwetu mtu haji kukutazama umekaa. Anakuja penye kazi, na maneno yanakuja yenyewe mikono ikiwa na udongo. Nilitaka nisimsumbue mtu, sasa hakuna mtu. Nilikula ule ugali nalia, kisha nikawapa kuku uliobaki.

Kesho yake asubuhi nikakanyaga udongo mwenyewe, nikatia samadi, nikaanza kuupaka ukuta ule mzuri. Mwenzangu akaniona kutoka njiani, akatua ndoo yake chini.

"We mama, una wazimu? Unaharibu nyumba!"

Sikugeuka. Nikachota tonge jingine la udongo, nikalibandika juu ya lile la kwanza.

"Basi njoo unizuie," nikamwambia.