Kizingiti cha Baba

Kabla sijasafiri kwenda Uingereza kwa mafunzo ya wiki mbili, mama aliniomba jambo moja tu: nimng'olee kipande cha kizingiti cha nyumba yetu ya zamani. Mtaa ulikuwa unabomolewa ili yajengwe maghorofa, na yeye tulikuwa tumeshamhamishia mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nne. Kwenye kizingiti hicho marehemu baba alikaa kila jioni akitoka kazini Industrial Area, akigongagonga buti zake kutoa vumbi, hadi saruji ikaingia shimo. Nikamwambia, "Nikirudi, mama." Mimi ni bingwa wa nikirudi.

Huko Uingereza tulipelekwa mji mmoja mdogo kuona mabaki ya nyumba ya mfanyabiashara wa enzi za kati. Nilitarajia ngome. Nikaonyeshwa mstari wa mawe unaonifika magotini, umezungushiwa ua, kando ya maegesho ya magari. Bibi mmoja aliyejitolea kuwatembeza wageni akatueleza jiko lilikuwa wapi na mlango ulikuwa wapi, kisha akainama kutuonyesha jiwe lililolika kwa nyayo za watu. Nilipiga picha arobaini. Niliuliza maswali hadi wenzangu wakaanza kutazama saa. Niliondoka pale nikijiona mtaalamu wa magofu.

Niliporudi, tingatinga lilikuwa limeshapita. Mtaalamu sikutishika. Nilihesabu hatua kutoka kwenye mfereji wa maji, nikachutama, nikapapasa kifusi kama yule bibi. Mlinzi wa pale aliniangalia weee, akachoka.

"Buda, kwani umepoteza nini?"

Nikamweleza habari za misingi na nyayo.

"Sawa, lakini hapo ni kama kulikuwa na bafu, buda."

Nikamhurumia kwa kutojua mambo. Nikapata kipande chenye shimo, nikakipandisha ghorofa zote nne, kifua mbele, mgongo ukiniuma.

Mama alikigeuza mara moja tu. "Hiki ni cha bafu la watu wote," akasema. "Hapa ndipo tulipokuwa tukisugua visigino."

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Alikiweka chini taratibu, akauliza, "Basi hata picha ya mlango wetu huna?"

Sikuwa nayo. Nimezaliwa mle na kukulia mle, na simu yangu haikuwa na hata kona ya mlango ule. Niliona aibu hadi machozi yakanilenga. Kwa kukosa la kufanya nikamwonyesha zile picha arobaini za nyumba ya yule mfanyabiashara. Alizitazama moja moja, akafika kwenye lile jiwe lililolika, akatulia hapo.

"Walijuaje kwamba hapa ndipo palikuwa mlango wake?"

Nikamwambia kuna watu walichimba polepole, wakatafuta kwa miaka mingi.

"Ehe," akasema, akinirudishia simu. "Yeye ana watu."