Pudre yote nilimwangia Neema leo ku proclamation

Bamama benzangu, musicheke kwanza. Mumalize kusoma.

Leo ku masomo ilikuwa siku ya kutangaza matokeo. Hii mwaka directeur, mukubwa wa masomo, hakusoma majina. Alileta ordinateur, ile kompyuta, akaonyesha graphique ku ukuta: kila mutoto na kijiti yake ya kuchorwa, jina chini.

Mie sikusoma sana.
Lakini jina ya binti yangu Neema ninaijua, na kijiti yake ilikuwa inapita zote. Ilikuwa karibu kufika ku mabati!

Nikapiga kigelegele. Nikamukimbilia, nikamumwangia pudre nyeupe ya batoto ku kichwa vile tunafanyaka kwa mwenye amepita, nikaanza kucheza katikati ya bazazi benzangu.
"Munaona? Munaona mutoto wangu?"

Jirani yangu Mama Furaha akacheka mupaka akashika tumbo.
"Mama Neema, directeur ameweka place, namba ya kila mutoto, hapana points! Wa kwanza ni ule wa kijiti fupi. Wako ni wa mwisho!"

Na directeur, pahali ya kunyamazisha batu, akasema ku micro:
"Mama, uchunge pudre ingine ya mwaka kesho."

Salle yote ikapasuka na kicheko.

Neema alikuwa mweupe kichwa mupaka mabega, machozi inachora njia ku ile pudre. Akanivuta kikwembe ya ku kiuno, akasema pole pole:
"Mama, usiache kucheza. Ukiacha sasa, batacheka zaidi."

Basi nikacheza. Sisi wawili tu, bila wimbo, mupaka ku mulango.

Bamama, mungekuwa mie, mungeacha?