Darasa la Kosa Moja

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na anayedhani kufundisha ushonaji kwa simu ni mchezo, aje akae kwenye kile kigoda chake. Chuo cha ufundi kilichomwajiri kilimpa wanafunzi kumi na wanane wa mtandaoni. Wote walizima kamera, wakatulia tuli kama maji ya mtungi.

"Mmeelewa?" Kimya. "Kuna swali?" Kimya.

"Mwanangu," akaniambia, "naongea na ukuta. Na ukuta una afadhali, una mjusi."

Mara mkuu wa chuo akapiga simu. Darasa lililozubaa litafungwa; Jumanne ya mwisho wa mwezi angeingia mwenyewe kusikiliza. Shangazi akanyong'onyea. Kazi ile anaipenda kufa.

Somo lililofuata, kwa mawazo, akashona mfuko wa shati juu chini. Ghafla sauti: "Mwalimu, samahani, hapo kalamu itaanguka." Wakacheka. Mwingine akaeleza namna ya kufumua. Ndipo Shangazi akapata akili: kila somo akapanga kosa moja. "Leo nimekosea mahali. Atakayeona ndiye atakayetufundisha kurekebisha." Kamera zikawashwa, kila mtu akitaka kuonyesha kitambaa chake. Isipokuwa mama mmoja tuliyempachika jina la Kimya. Huyo hakuwahi kutoa hata kikohozi.

Siku ya mkuu ikafika. Shangazi akaigeuza kola makusudi, akasubiri. Kumbe wanafunzi wana adabu zao: nani amuumbue mwalimu mbele ya mkubwa wake? Wakauchuna wote. Mimi niliyekuwa nikimshikia simu, nisiyejua hata kutunga uzi, niliiona ile kola, nikabaki kuuma kidole. Adabu gani hizo za kumfukuzisha mtu kazi?

Kamera ya Kimya ikawaka.

"Mwalimu, samahani. Mkono wa kushoto umeuweka kulia. Fumua kuanzia begani, hivi." Akaonyesha kwenye shati lake.

Shangazi akalitazama shati alilokuwa akishona, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Ahsante, dada yangu. Kosa nililopanga ni la kola. La mkono sikulijua."

"Kola tuliiona!" wakadakia wengine, kila mmoja na lake.

Katikati ya zogo hilo ikaingia sauti nzito ya mkuu. "Samahani, na mimi naruhusiwa kuuliza? Hiyo kola ina nini?"

Shangazi akamwambia atafute sindano na uzi, na Jumanne ijayo asichelewe.