Kumpiga Picha Mama Mkwe kwa Lenzi ya Kioo

Lenzi ile niliachiwa na fundi wa kigeni alipomaliza mkataba wake Kilosa. Ilikuwa fupi na nene kama kopo la mafuta ya kula, na ndani yake mlikuwa na vioo kama vya kujitazamia, vya kuvuta vitu vya mbali. Mimi, mpiga picha mwanagenzi wa Magomeni, nikajiona nimeula. Nikaenda nayo Mikumi kupiga picha za tembo.

Uzuri wake ni wepesi. Unaibeba kutwa na shingo haiumi. Ubaya niliuona filamu iliposafishwa. Tundu lake la mwanga halipanuki wala halipungui, kwa hiyo wingu likipita tu, picha ni giza. Ukitikisika kidogo, tembo anakuwa moshi. Na majani yanayong'aa nyuma yake yanageuka pete nyeupe, kama mtu kamwaga bangili. Nikaitupa sandukuni kwa hasira.

Kisha watu wa milimani wakaanza kuhamia vijiji vya ujamaa. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama hana picha hata moja. Nataka apigwe mbele ya nyumba yake kabla hajaiacha."

Shida ni kwamba kwao Mamboya, huko milimani, mkwe hamsogelei mama mkwe. Nikikutana naye njiani, naingia vichakani. Tangu nioe nilikuwa namjua kwa sauti na khanga tu. Ndipo nikaikumbuka ile lenzi.

Nilisimama ng'ambo ya shamba la mihogo, jua la mchana likiwaka, nimeiegemeza kamera juu ya kisiki. Nikazungusha lenzi taratibu. Lahaula! Uso wa mama mkwe ukanijaa jichoni, kope zote, na kovu dogo kidevuni. Nimesimama mbali kwa adabu, kumbe namtazama karibu kuliko mtoto anayenyonya! Jasho likanitoka. Nikapiga haraka nikaondoka.

Picha ilitoka safi, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Yeyote angejua nimeona nini. Mke wangu akaipeleka peke yake, nami nikabaki nyumbani, chakula hakipiti.

Aliporudi nilimuuliza, "Kasemaje?"

"Kauliza ulisimama wapi. Nikamwambia ng'ambo ya mihogo. Akaikazia macho picha."

"Kakasirika?"

"Kauliza zile pete nyeupe nyuma yake ni za nini. Nikamwambia ni ubovu wa lenzi. Akacheka, akasema, 'Basi mkwe wangu ameshaniona, mimi bado. Mwambie aje nami nimtazame.'"

Nilishusha pumzi ndefu, nikaomba ugali.

Tulimkuta kwenye nyumba yake mpya kijijini, picha ameitundika ukutani. Nikasimama mlangoni, macho chini, nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inua uso, mwanangu. Mbona kule kwenye mihogo ulikuwa shujaa?"