Udongo wa Kuazima

Tangu nimwoe, sijawahi kumsikia mke wangu akisema amekwenda kuchimba udongo. Wafinyanzi wa kwetu, hapa ufukweni kaskazini mwa Ziwa Nyasa, husema wamekwenda kuazima. Mwanamke huchukua wa beseni moja tu, kisha humwaga shimoni vigae vya vyungu vyake vilivyovunjika na kufunika kwa majani ya mgomba. Kuchimba, wanasema, ni kwa kaburi.

Mimi niliyefika kidato cha nne niliyaona hayo kuwa maneno ya wanawake. Nilipokuwa katibu wa kamati ya kijiji, walikuja wafyatua matofali kutoka mjini wakitafuta udongo, nikawaonyesha shimo. Hakuna aliyenilazimisha wala kunihonga. Nilitaka tu tuonekane watu wa maendeleo. Barua ya ruhusa niliiandika mwenyewe: wanaruhusiwa kuchimba. Mke wangu alitaka nimsomee mara mbili.

"Ndaga fijo, katibu," alisema. Ndiyo asante sana ya kwetu, ila aliitoa kama anafukuza kuku.

Kiangazi kimoja kilitosha. Walichimba mpaka wakakuta maji, na masika yalipoingia mto ulio karibu ulibomoa kingo ukajaza shimo mchanga. Vyungu vilivyofuata vilipasuka motoni. Wenzake waliacha mmoja mmoja. Jirani yetu, fundi kuliko wote, sasa anauza mchele. Mke wangu hakuacha, wala hakunisema hata siku moja. Angenisema, ningejitetea na yangeisha. Alivyonyamaza, nimekuwa mtu wa kuamka na kuzunguka uani bila kazi.

Mwaka huu alipata udongo mwingine, mahali panapofikiwa kwa mtumbwi. Alifinyanga vyungu sita, akavipaka rangi nyekundu ya ngeu shingoni, na begani akachora mawimbi meupe kama alivyofundishwa na mama yake, yakiwa yamelalia upande mmoja, jinsi upepo wa kusini unavyoyalaza ziwani. Akiwa bado ameshika unyoya wa kuchorea, aliniambia, "Moto huu ukinikatalia, basi. Mikono naiweka chini."

Siku ya kuchoma sikuweza kukaa. Nilikwenda ziwani, nikarudi, nikaenda tena. Jirani alikuwa amekuja kutazama, akanicheka.

"Shemeji, unatembea kama mkeo yuko leba! Shika basi hata ufagio."

"Mwache," mke wangu alisema. "Akikaa ataniuliza maswali."

Nyasi zilizofunika vyungu zilishika moto. Muda mfupi baadaye tukasikia pa! Mke wangu hakugeuka. Kisha pa! nyingine. Nilisimama nikiomba isitoke ya tatu, nikijua kwamba hata hizo mbili nimezipasua mimi.

Haikutoka. Majivu yalipopoa alivitoa vilivyobaki, akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole. Vyote vinne viliitika vizuri. Jirani alichukua kimoja, akapitisha kidole kwenye mawimbi, akakaa nacho mapajani.

"Udongo upo mwingi?" aliuliza.

"Upo. Jumatatu njoo na beseni."

Nilirukia palepale. "Kasia nitapiga mimi. Ninyi mkae tu."

Mke wangu alinitazama, si kwa hasira. "Hapana, baba. Wewe utabaki. Mahali pale sitaki upajue."

Jirani aliinamisha uso. Mimi nikasema, "Sawa," na lilikuwa neno la kwanza la kweli nililomjibu juu ya jambo hilo kwa miaka yote hiyo.

Jumatatu waliondoka na mtumbwi asubuhi. Niliwasukuma mpaka maji yakanifika magotini, nikabaki nimesimama. Walipokuwa wamesogea kidogo, mke wangu aliacha kupiga kasia, akageuka nyuma kuangalia kama bado natazama wanakoelekea.

Nikampa mgongo, nikarudi nyumbani.